Punda Ukutani, Mgalatia Kijiweni

Keti kwenye kijiwe cha kahawa cha Kariakoo, Tanga au Ujiji saa za alasiri, utalisikia. Kijana anatokea na begi lake begani, na kabla hajakaa mzee mmoja anasema, "Sogeeni jamani, Mgalatia kaja." Watu wanacheka. Kijana naye anacheka, anapokea kikombe na kipande cha kashata, kisha anajibu kwamba leo kahawa italipwa na wenye kobazi. Maongezi yanarudi kwenye Simba na Yanga.

Mgalatia ni Mkristo. Jina hilo limetoka kwenye waraka wa Paulo kwa makanisa ya Galatia, katikati ya nchi tunayoiita leo Uturuki, ambamo mtume anawakaripia waumini wake kwa kukosa akili. Wahubiri wa Kiislamu walioisoma Biblia kwa makini wakaliona karipio hilo, wakalichukua likiwa zimazima na kulibandika kwa kila anayeingia kanisani. Hivyo kijana wa Kipare, ambaye hajavuka hata mpaka wa Namanga, akawa Mgalatia.

Neno hilohilo likitoka kwenye kipaza sauti kilichoelekezwa dirisha la kanisa, hakuna anayesogezewa benchi. Herufi ni zilezile na maana ni ileile, lakini la kwanza ni utani na la pili ni kashfa. Kati ya hayo mawili kuna mpaka ambao binadamu wa dini mbalimbali wameuvuka na kurudi kwa karibu miaka elfu mbili. Historia ya kuwacheka Wakristo ni historia ya mpaka huo, na wakati mwingine Wakristo ndio waliokuwa upande wa wachekaji.

Punda wa Palatino

Mwaka 1857, wachimbaji wa magofu kwenye kilima cha Palatino mjini Roma, palipokuwa na majumba ya Kaisari, walikuta mchoro uliokwaruzwa kwenye lipu. Mtu ametundikwa msalabani, ila kichwa chake ni cha punda. Pembeni amesimama kijana, mkono ameuinua kwa ishara ya ibada. Chini yake yako maneno machache ya Kigiriki yanayoeleza kwamba Alexamenos anamwabudu mungu. Wataalamu wengi huuweka mchoro huo karibu na mwaka 200. Inaaminika kwamba jengo lenyewe lilikuwa la vijana waliofunzwa kutumikia ikulu, kwa hiyo huenda aliyemchora Alexamenos alilala naye chumba kimoja na kula naye sahani moja.

Kilichomchekesha mchoraji tunaweza kukikisia. Msalaba ulikuwa adhabu ya watumwa na waasi. Mtu kusema Mungu wake alikufa kifo hicho ilikuwa sawa na mtu wa leo kujisifu kwamba mjomba wake alinyongwa gerezani. Hadithi ya punda nayo ilikuwa imekwisha zoeleka. Miaka hiyohiyo, karibu 197, Tertullian wa Karthago alieleza kwamba mjini kwake mtu mmoja alizungusha picha ya kiumbe mwenye masikio ya punda na kwato mguu mmoja, amevaa vazi la heshima la Kirumi na kushika kitabu, akisema ndiye mungu wa Wakristo. Tertullian hakuwa mtu wa masihara, lakini anakiri kwamba Wakristo wenyewe walipoiona picha ile walicheka.

Wasomi walicheka kwa kalamu. Lucian wa Samosata aliandika habari za Peregrinus, mtu aliyejichoma moto Olympia mwaka 165. Humo Wakristo ni watu wepesi wa kulaghaiwa: wanamletea tapeli chakula gerezani, wanakesha naye, wanamchangia fedha. Ajabu ni kwamba katika kuwadhihaki aliwaachia sifa, kwani dosari aliyoiona ni kupendana kupita kiasi. Celsus, aliyeandika karibu na mwaka 178, alikuwa mkali zaidi. Alisema dini hiyo ni ya washona viatu, wasuka sufu na wafua nguo, watu wanaojifanya walimu mbele ya wanawake na watoto, akitokea mtu mwenye elimu wananywea. Kitabu chake kimepotea. Tunakijua kwa sababu Origen aliketi karibu na mwaka 248 akakijibu kwa vitabu vinane, akinakili maneno ya mpinzani wake hatua kwa hatua.

Hapo ndipo ulipo msingi wa kwanza wa ruhusa ya kucheka: wanaochekwa ni wadogo. Hawana mtetezi barazani, hawana shule wala ukoo. Mtu wa heshima akiwadhihaki mbele ya wageni wake hakuna anayeinua uso kutoka kwenye sahani.

Hata jina lao lilianzia kwa watu wa nje. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinasema wafuasi waliitwa Wakristo kwanza Antiokia, na wachunguzi wengi hudhani kwamba mwanzoni lilikuwa jina la kubezana. Karne tatu baadaye, Kaisari Julian, aliyetawala kuanzia 361 hadi 363 na aliyeiacha dini ya Kikristo aliyolelewa nayo, aliamua kuwanyang'anya hata hilo. Yeye aliwaita Wagalilaya, yaani watu wa kijimkoa fulani cha mbali. Mgalilaya wa Julian na Mgalatia wa kijiweni ni ndugu wa karibu: yote mawili humwondoa mtu kwenye imani yake na kumpa kijiji asichokijua. Lakini alipofika Antiokia, mji uliojaa Wakristo wakati huo, Julian alikuta kibao kimegeuka. Watu walimwimbia nyimbo za kejeli kuhusu ndevu zake, zilizokuwa ndefu kama za mbuzi. Kaisari alikuwa na majeshi, lakini alijibu kwa kuandika kijitabu cha kuzidhihaki ndevu zake mwenyewe na, kwa mlango wa nyuma, kuwachapa watu wa Antiokia. Ni mara chache mtawala amechekwa akajibu kwa kalamu.

Aliyechekwa anapopata ukuta wake

Mwaka 380 Kaisari Theodosius aliufanya Ukristo kuwa dini ya dola. Watoto wa kina Alexamenos wakawa wenye ikulu. Mtu angetarajia kwamba waliochorwa punda wasingemchora mwenzao mnyama.

Nenda Wittenberg, Ujerumani, kwenye kanisa la mji alimohubiri Martin Luther. Juu ukutani, kwa nje, liko jiwe lililochongwa karibu na mwaka 1300: nguruwe jike, na Wayahudi wakinyonya chuchu zake. Mchongaji alijua kwamba nguruwe ni haramu kwa Myahudi, na aliuchonga mzaha huo hapo kwa sababu alikuwa na hakika kwamba mji mzima ungecheka naye. Sanamu hiyo ingalipo. Mwaka 2022 mahakama kuu ya Ujerumani iliamua kwamba inaweza kubaki, kwa kuwa kanisa limeweka maelezo ya kuilaani. Kutoka punda wa Palatino hadi nguruwe wa Wittenberg ni miaka kama 1,100, na katika muda huo mkono ulioshika patasi ulikuwa umebadilika.

Midahalo ya zama hizo nayo ilikuwa na mizani iliyopinda. Mwaka 1263 mjini Barcelona, Rabi Nahmanides aliitwa mbele ya Mfalme James wa Aragon kujibizana na Pablo Christiani, Myahudi aliyebatizwa. Rabi aliomba kwanza ruhusa ya kusema bila woga, akapewa. Alisema, tena kwa ncha kali. Lakini alipoyaandika yale aliyoyasema alishtakiwa kwa kukufuru, akaishia kuihama nchi na kufika Yerusalemu mwaka 1267. Wayahudi wengi walikuwa wamekwisha kujifunza njia nyingine: kucheka chini ya shuka. Simulizi za dhihaka juu ya maisha ya Yesu zilipita nyumba hadi nyumba kwa karne nyingi, zikisomwa mlango ukiwa umefungwa. Hicho ndicho kicheko cha mnyonge. Hakimshushi mwenye nguvu hata ngazi moja, ila humwezesha mwenye nyumba kulala usiku huo na kuamka kesho yake.

Lulu gizani, shetani mlangoni

Upande wa Mashariki, Wakristo waliishi chini ya dola ya Kiislamu kwa namna ambayo haiingii kwenye neno moja. Karibu na mwaka 781, Khalifa al-Mahdi wa Baghdad alimwita Patriaki Timotheo, wakajadiliana kwa siku mbili juu ya Utatu, Injili na Mtume Muhammad. Aliyetuachia habari hiyo ni Timotheo mwenyewe, kwa hiyo tusishangae akitoka mshindi, lakini staha ya mazungumzo inaonekana wazi. Khalifa anauliza maswali magumu bila kutukana. Patriaki anasema Muhammad alikwenda katika njia ya manabii, bila kukubali zaidi ya hapo. Mwisho anatoa mfano: sote tuko nyumba yenye giza, lulu imeanguka sakafuni, kila mmoja ameokota kitu na anadhani ndiyo. Kukipambazuka tutajua nani ameshika lulu na nani ameshika kokoto.

Miaka 70 haikupita hewa ikachafuka. Mwaka 850 Khalifa al-Mutawakkil aliamuru Wakristo na Wayahudi wavae mavazi ya rangi ya asali, na milango ya nyumba zao ipigiliwe sanamu za mbao za mashetani. Hapo dhihaka haikuwa tena neno la mtaani. Ilikuwa waraka wa serikali wenye misumari. Zama hizohizo al-Jahiz wa Basra, bingwa wa nathari ya Kiarabu ambaye yasemwa babu yake alikuwa mtu mweusi, aliandika kitabu cha kuwajibu Wakristo. Ukikisoma unaona kinachomuuma. Wakristo wamekuwa makarani wa wakubwa, matabibu, wauza manukato na wabadilisha fedha. Wanapanda farasi wazuri. Alama walizopaswa kuvaa wanazificha, na watu wa kawaida wanawapenda.

Tazama jinsi mizani ilivyohama. Celsus aliwacheka Wakristo kwa kuwa ni wafua nguo. Al-Jahiz aliwacheka kwa kuwa wametajirika. Huu ndio msingi wa pili wa ruhusa: wanaochekwa wamekuwa wakubwa mno, hawataumia. Tangu hapo misingi hii miwili imekuwa ikipokezana zamu, na mara nyingine imesimama pamoja.

Kuna mzaha mmoja wa zama hizo ambao msomaji wa Kiswahili ataupata bila mkalimani. Kanisa la Ufufuo la Yerusalemu Wakristo wa Kiarabu huliita kanisa la Kiyama, kwa neno lilelile tulilonalo sisi. Waandishi kadhaa wa Kiislamu wa kale waligeuza herufi kidogo wakaliita kanisa la Kumama, yaani la jalala. Ni mchezo wa maneno tu, lakini ulidumu karne nyingi vitabuni hadi ukawa kama anwani ya kawaida.

Wakristo nao hawakukaa kimya siku zote. Mjini Cordoba, Uhispania, kati ya 850 na 859 Wakristo wapatao 48 waliuawa, wengi wao kwa kumtukana Mtume hadharani, wengine wakienda kwa hiari mbele ya kadhi ili wahukumiwe. Maaskofu wenzao walikutana mwaka 852 na kuwakataza watu kujitafutia kifo kwa njia hiyo. Walikuwa na jirani wa kuishi naye kesho, na walijua bei ya neno lililotupwa sokoni.

Dini ya watoro

Kwenye mwambao wetu Ukristo wa karne ya 19 ulipokewa kwa mikono miwili isiyofanana. Mkono wa kwanza ulikuwa wa adabu. Ludwig Krapf alipofika Unguja mwaka 1844, Sayyid Said bin Sultan alimpa barua ya kuwataka maliwali wake wamtendee wema. Kule Mombasa kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Muhiddin, alimsaidia kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Kadhi na mmisionari walikaa meza moja, kila mmoja akiamini mwenzake amepotea.

Mkono wa pili ulikuwa wa dharau, nayo ilikuwa na sababu zake za mfukoni. Mwaka 1875 wamisionari wa Kiingereza walifungua Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Kengele yao ndiyo iliyopapa mahali pale jina la Kengeleni. Misheni ya Rabai nayo ikawa kimbilio la watoro. Mwaka 1889 kampuni ya Kiingereza ililazimika kuwalipa mabwana ili watoro zaidi ya 1,400 waliojificha misheni wapate hati za uhuru. Kwa muungwana wa Mombasa mwenye shamba na watumwa, Mkristo mweusi alikuwa mtu asiye na ukoo, aliyemkimbia bwana mmoja akaangukia kwa bwana mwingine. Dini ya watumwa, walisema. Celsus angeelewana nao haraka sana.

Bara, kule Buganda, kicheko kiliishia pabaya. Katika baraza la Kabaka Mutesa, Waislamu wa pwani, Waprotestanti wa Alexander Mackay na Wakatoliki wa Padri Lourdel walijibizana mbele yake, Kiswahili kikiwa moja ya lugha za mjadala, na Kabaka akifurahia kuwaona wageni wakigongana vichwa. Wazungu wa madhehebu mawili walidharauliana hata Waganda wakauliza kama Mungu wao ni mmoja. Vijana wa ikulu waliosilimu walikuwa wameuawa mwaka 1876 kwa kuushikilia Uislamu wao mbele ya Kabaka. Kisha ikaja zamu ya Wakristo chini ya Kabaka Mwanga. Januari 1885 wavulana watatu waliuawa nje ya mji. Wamisionari waliokuwapo wanasimulia kwamba watoto hao walikwenda wakiimba wimbo wa kanisa kwa Kiswahili, na mkuu wa wauaji akawadhihaki akisema Yesu wao aje awaokoe basi. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Juni, wengine wengi walichomwa Namugongo, na wengi wao walikuwa vijana wa kutumikia ikulu, kama alivyokuwa Alexamenos.

Chura wa Chicago, muuza duka wa Natal

Septemba 1893 viongozi wa dini nyingi walikutana Chicago kwenye Bunge la Dini za Ulimwengu. Wenyeji walikuwa Wakristo, tena wengi wao walitarajia kwamba wakiziweka dini zote kwenye jukwaa moja, yao ingeng'aa yenyewe. Swami Vivekananda wa India akawasimulia kisa cha chura wa kisimani asiyeamini kwamba bahari ni kubwa kuliko kisima chake. Siku nyingine akawauliza kwa nini wanapeleka wamisionari kuokoa roho za Wahindi wakati miili inakufa njaa. Ukumbi ulimshangilia, na waliompigia makofi walikuwa Wakristo. Kuanzia hapo, katika mikutano ya dini mbalimbali ya nchi za Magharibi, Mkristo ndiye mwenye nyumba anayeruhusiwa kutaniwa, kwa hoja kwamba mwenye nyumba hawezi kuonewa nyumbani mwake. Hoja ina uzito. Dini hiyo ilikuwa imefika kwetu na kwao ikiwa ndani ya meli moja na bendera na bunduki.

Mkondo mwingine ulianzia Agra, India, Aprili 1854. Mmisionari Karl Pfander alikuwa ameandika kitabu cha kuushambulia Uislamu, na Rahmatullah Kairanawi akamwita kwenye mdahalo wa hadhara. Pfander alikuja na silaha za zamani. Kairanawi na rafiki yake Wazir Khan walikuja na vitabu vya wataalamu wa Ulaya wenyewe waliokuwa wakiihakiki Biblia, wakamwuliza mmisionari juu ya nakala zinazotofautiana. Mdahalo ulivunjika siku ya pili. Miaka 10 baadaye Kairanawi aliyakusanya hayo kwenye kitabu cha Izhar al-Haqq.

Nakala ya kitabu hicho ilimfikia Ahmed Deedat, Mhindi wa Afrika Kusini aliyezaliwa mwaka 1918. Akiwa kijana aliuza duka karibu na chuo cha wamisionari pwani ya Natal. Wanafunzi wa chuo walikuja dukani wakimchokoza kwa maswali juu ya Mtume na upanga, naye hakuwa na jibu. Alisimulia mwenyewe kwamba Izhar al-Haqq ndicho kilichompa. Mwaka 1957 alianzisha kituo cha uenezi mjini Durban, na mwaka 1986 alikuwa Louisiana akijibizana na Jimmy Swaggart mbele ya maelfu. Aliijua Biblia kwa sura na aya, na alijua kuchekesha. Kanda zake zilivuka mipaka bila pasipoti. Si Waislamu wote waliomfurahia. Kwao Afrika Kusini walikuwapo waliolalamika kwamba ulimi wake unawagombanisha na majirani. Hata hivyo kijana aliyefanywa kichekesho mbele ya wateja wake alikuwa amejifunza kuchekesha.

Soma hapo, rudia

Mihadhara iliyoenea Tanzania katika miaka ya 1980 ilipanda mbegu hiyo kwenye udongo uliokuwa tayari. Mwaka 1987 Ngariba Mussa Fundi na Mohamed Ali Kawemba walitoa kitabu cha Uislamu katika Biblia, na jina lake linaeleza mbinu yote: kumshinda Mkristo kwa kitabu chake.

Aliyewahi kuhudhuria anaikumbuka sura ya mkutano. Uwanja wa wazi, jenereta au waya ulioazimwa duka la jirani, spika mbili juu ya meza. Mhubiri amesimama, na pembeni yake yuko msomaji mwenye Biblia ya Kiswahili iliyochakaa kwa kufunuliwa. Mhubiri anataja sura na aya, msomaji anasoma. "Simama hapo! Rudia!" Anarudia. Mhubiri anauliza swali kwa sauti ya upole wa mtego, umati unajibu, takbira inapaa. Mchungaji aliyekubali kuja anapewa kipaza sauti, lakini kila akijikwaa neno, kicheko kinamtangulia. Baadaye Wakristo nao walianzisha mikutano ya namna hiyo, wakaisoma Kurani kama wao walivyosomewa Biblia, na kuchekesha kwa viwango vilevile.

Kwa nini dhihaka hiyo ilikubalika? Waislamu wengi watakujibu kwa historia ya shule. Chini ya Waingereza elimu kubwa ilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi Mwislamu aliogopa mtoto wake kurudi nyumbani na jina jipya. Uhuru ulipokuja, wenye vyeti walikuwa Wakristo. Jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki ilipigwa marufuku mwaka 1968 na baraza jipya la Waislamu, BAKWATA, likaundwa. Shule nyingi za misheni zilitaifishwa muda mfupi baadaye ili kuziba pengo, lakini mwaka 1992 serikali ilitia saini makubaliano na makanisa kuhusu huduma za jamii, na kidonda kikafunuka. Kwa hiyo aliyekuwa uwanjani alihisi anamrushia jiwe jitu kubwa. Kumbe jitu halikuwapo. Aliyekuwapo ni mama muuza vitumbua wa Manzese, Mlutheri asiye na cheti wala cheo, anayesikia spika zikimwambia mungu wake alikojoa na kuogopa kama mtu yeyote. Jiwe lililokusudiwa serikali lilimpata yeye.

Mzaha mzaha, hutunga usaha. Aprili 1993 maduka ya nyama ya nguruwe yalivunjwa Dar es Salaam; mnyama wa Wittenberg, ambaye sisi tunamwita kitimoto, alikuwa amerudi kwa mlango mwingine. Februari 1998, baada ya malalamiko kwamba mihadhara inaukashifu Ukristo, polisi waliingia msikiti wa Mwembechai. Vurugu zikafuata na watu wakauawa kwa risasi. Oktoba 2012 huko Mbagala, ubishi wa watoto wawili wa dini tofauti ulimfanya mmoja, Mkristo, akojolee Kurani. Watu wazima wakachoma makanisa.

Sheria iliyotumika dhidi ya kashfa za dini ilikuwa na safari yake. Waingereza waliiandika India mwaka 1860: ni kosa kutamka neno kwa kusudi la makini la kuumiza hisia za dini za mtu. Kifungu kama hicho kikaingia kwenye Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ya 1930, na kingalipo. Uzito wake ulipimwa pale mtu mmoja wa Morogoro alipohukumiwa kifungo cha miezi 18 kwa kusema hadharani kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ilimfutia hatia. Kusema hivyo ni itikadi ya Uislamu, kama ambavyo kusema kinyume chake ni itikadi ya Ukristo. Kosa lingehitaji kuthibitishwa kwamba msemaji alikusudia kuumiza. Majaji walikuwa wametenga vitu viwili ambavyo uwanjani vilikuwa vimechanganywa kwa miaka 20: kukana na kukejeli.

Herufi moja

Julai 2014 wapiganaji walioiteka Mosul, Iraq, walipita nyumba za Wakristo wakaandika ukutani herufi ya Kiarabu ya nuni, ن, herufi ya kwanza ya Nasara, yaani Wakristo. Wakapewa siku chache za kusilimu, kulipa au kuondoka. Miaka 1,164 baada ya mashetani ya al-Mutawakkil, alama ilikuwa imerudi milangoni. Wakristo wa nchi za mbali, wengi wao wasiojua kusoma Kiarabu, waliivaa herufi hiyo kama beji, kama wazee wa Antiokia walivyolivaa jina walilobandikwa.

Familia iliyokimbia Mosul ikifika London au Chicago inaweza kualikwa kwenye mkutano wa dini mbalimbali ambapo kichekesho kuhusu Mkristo hakihitaji kuombewa radhi, kwani hapo Mkristo ni mwenye nyumba. Hakuna aliyewakusudia wao. Ni neno tu, lenye mtu wa Washington na mtu wa Mosul ndani yake kwa pamoja, na anayecheka hakuangalia ni yupi aliyeketi mbele yake. Misingi ile miwili ya ruhusa ina kasoro moja: inapima ukubwa wa dini wakati anayeumia ni mtu.

Utani wa Bara na Pwani haukufanya kosa hilo. Ulizaliwa vitani na njiani, kwenye misafara ya Wanyamwezi waliopita nchi za Wazigua na Wazaramo, kwa watu waliolazimika kulala kwa wageni ambao jana walikuwa maadui. Kanuni yake haijaandikwa popote, ila kila mtu anaijua: anayekutania anadaiwa. Msibani mtani ndiye anayechimba kaburi, na ndiye anayejitupa ndani yake akikataa kutoka mpaka alipwe. Huvaa nguo za marehemu akaiga mwendo wake mpaka wafiwa wacheke huku machozi yakiwatoka. Ana haki ya kukucheka siku zote kwa sababu siku hiyo hatakuwa mbali.

Yule aliyemchora punda hakuandika jina lake, na hakuna atakayelijua kamwe. Katika chumba kingine cha jengo lilelile imekutwa kwaruzo nyingine, ya Kilatini safari hii, yenye jina la Alexamenos na neno moja: mwaminifu. Huenda aliliandika mwenyewe, huenda rafiki.

Mzee wa kijiweni jina lake linajulikana, na nyumba yake pia. Mgalatia akifiwa na mama yake atamkuta kwenye turubai asubuhi na mapema, kofia yake ya kitani kichwani, akiulizia jembe liko wapi.